Stroberi Mbele ya Wazee

Kwetu Kibugu, binti aliyerudi nyumbani kutoka kwa mume hupewa kila kitu isipokuwa ardhi. Hupewa kitanda, hupewa uji, hupewa pole nyingi hadi angeweza kuziuza kwa debe. Akiomba mahali pa kulima, mama yake atamwonyesha kipande nyuma ya jiko, na mwenye boma atatoa sharti moja: panda vitu vya kung'oa. Mahindi, sawa. Maharagwe, sawa. Mboga, panda mpaka uchoke. Lakini usipande kitu kitakachoona mvua mbili kikiwa kimesimama palepale. Mti ukikaa ardhini muda mrefu hupata mdomo, na siku moja huanza kusema shamba ni la nani.

Mimi nilirudi mwanzo wa kiangazi, mvua za vuli zilipokuwa zimekwisha na mlima unaonekana wote kila asubuhi, baridi yake ikishuka kupitia msituni mpaka kwenye vidole vya miguu. Nilitoka Meru mjini, ambako nilikuwa nimeuza mboga sokoni miaka mingi, na ambako mume wangu aliamua kwamba nyumba ya vyumba viwili inatosha wake wawili. Hakuniuliza. Hadithi hiyo siisimulii. Kila soko lina wanawake tele wenye hadithi kama hiyo, na yangu haikuwa hata na kitu kipya. Nilifika kwetu na mifuko, sufuria na mizani yangu ya kuning'iniza. Nilihesabu mizigo kwenye stendi, nikahesabu tena langoni. Ni mazoea. Sokoni, anayehesabu mara moja humlisha jirani.

Kaka yangu ndiye aliyeshika boma tangu baba afariki. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonisumbua, kwa sababu mtu mbaya ningemuweza. Alikuwa mzee wa kanisa, mchumaji chai asiyejua kupumzika, na baba wa wavulana ambao kila alipowatazama wakila niliona anagawanya shamba kichwani. Hati ilikuwa bado na jina la baba, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Siku chache baada ya kufika kwangu alitukuta jikoni, mimi na mama.

“Umekuja kukaa ama umekuja kupumzika?” aliniuliza.

“Kwani bei ni tofauti?”

Mama alicheka. Yeye hakucheka.

“Mbuzi za mahari za watu wa Meru bado hatujazirudisha,” alisema. “Kwa mila wewe bado ni mke wa mtu. Lakini hapa ni kwenu, utakula. Lima hapo chini ya jiko. Vitu vya kung'oa.”

“Nimesikia.”

“Vya kung'oa,” alirudia, kama mtu anayenijua.

Kipande chenyewe kilikuwa mteremko mwembamba kati ya jiko na mstari wa kwanza wa chai, njia ya miguu ikivitenganisha. Maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yamemwagwa hapo tangu nizaliwe. Juu udongo ulikuwa mwekundu kama wa kila mtu, lakini ukichimba kidogo ulikuta mweusi, laini, wa kutia mtu tamaa. Nilibeba mbolea ya ng'ombe kwa karai, nikaichanganya na majivu ya jikoni, nikapanga matuta ya kukata mteremko ili maji yasikimbie. Nikapanda sukuma, vitunguu, dania, terere na managu. Jioni nilimwagilia kwa mkebe niliotoboa kwa msumari. Funza wanaokata miche niliwazungushia majivu. Vidukari wa sukuma niliwaosha kwa maji ya sabuni, jani kwa jani, huku nikiwatukana kwa Kimeru, kwa sababu walinikumbusha watu fulani.

Baada ya muda nilikuwa ninakula bila kumwomba wifi yangu, mke wa kaka, chumvi. Mtu ambaye hajawahi kuomba chumvi jikoni kwa mwingine hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Wifi hakuninyima hata siku moja. Alinipa, kisha akafunika mkebe polepole, akihakikisha kifuniko kimekaa vizuri.

Stroberi zilikuja na mvua ya masika. Kulikuwa na mama mmoja sokoni Kianjokoma aliyekuwa akizipeleka kwenye hoteli za mjini. Alikuwa na miche ya ziada, vijiti vyenye mizizi kama ndevu, amevifunga kwa maganda ya mgomba. Alitaka kuku.

“Kuku kwa majani?” nilimwambia. “Mama, hata mbuzi hawezi kushiba hapo.”

“Haya, wewe unasemaje?”

“Wewe sema tena.”

Tulisemezana mpaka jua likageuka. Niliondoka na miche yake, naye akaondoka na kabichi na shada la vitunguu, kila mmoja akiamini amemwibia mwenzake, na hiyo ndiyo biashara nzuri. Nilizipanda tuta la chini kabisa, karibu na njia, nikatandika nyasi kavu chini yake ili tunda lisilale matopeni. Sitasema sikujua mmea huu unakaa. Nilijua. Lakini nilijiambia kwamba kitu kinachofika kwenye kifundo cha mguu hakuna mtu atakayekiita mti.

Masika yalipita, baridi ya Julai ikapita na ukungu wake, vuli ikaja ikaenda. Kiangazi kingine kilipoingia, stroberi zangu zilikuwa zimekuwa watu. Maua meupe asubuhi, na chini ya majani matunda mekundu yaliyojificha kama watoto waliovunja kitu. Maji yalikuwa yamepungua kwenye bomba la kijiji, kwa hiyo nilikinga maji ya kunawia, maji ya mchele, maji ya kila aina, nikiyagawa kwa mkebe kama dawa. Ndege wenye mikia mirefu walikuwa wameshagundua siri. Nilichukua kaseti ya nyimbo za injili iliyoharibika, nikatoa utepe wake wote, nikaufunga kutoka kijiti hadi kijiti juu ya tuta. Upepo ukivuma ulilia na kumetameta, na ndege wakaogopa.

“Umehubiria ndege,” mama aliniambia.

“Wameokoka wote. Hakuna anayeiba tena.”

Mama alikuwa akija kukaa nami hapo jioni, juu ya debe lililopinduliwa, akichambua managu mapajani. Hakuongea sana. Alipenda tunda lililoiva kupita kiasi, lile ambalo halifiki sokoni, na alilila akiwa amefumba macho. Nilidhani miaka yangu ya kuhamahama imefika mwisho. Sikumwambia mtu, lakini nilidhani hivyo.

Kasoro ilikuwa moja. Stroberi hazizai matunda tu. Kila mche hutoa kamba ndefu nyembamba, na kamba ikigusa udongo huota mizizi na kuwa mche mwingine, ambao nao hutoa kamba yake. Nilikuwa nikizikata. Lakini kuna wiki niliyokuwa nikimuuguza mama, kifua kilimbana, na wiki hiyo hazikukatwa.

Kaka alikuja asubuhi kukata nyasi ya nepia ya ng'ombe. Alisimama njiani na panga mkononi, akatazama chini.

“Hii ni nini inatembea?”

“Ni stroberi.”

“Naona ni stroberi. Nauliza inaenda wapi.”

Zilikuwa zimevuka njia. Vichipukizi vyake, vya kijani kibichi, vilikuwa vimekaa kwenye mguu wa mstari wa kwanza wa chai, upande wake.

“Ulipanda lini?”

“Zamani kidogo.”

“Kabla ya masika ama baada?”

“Hata sukuma hii ni ya masika,” nilisema, “na hujaishtaki.”

“Sukuma haizai watoto wakatoroka.”

Aliinama, akashika kichipukizi kimoja kwa vidole viwili na kukivuta, taratibu tu, kama mtu anayejaribu jino la mtoto. Hakikutoka. Akavuta tena.

“Imeshika,” alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama daktari. Kisha akaenda kwenye nepia yake, nami nikabaki nimeshika mkebe wa maji usiokuwa na maji.

Jioni ile alituambia, mimi na mama, kwamba ataita wazee wa ukoo. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na familia ambayo binti yao alirudi akapanda mibariti michache ya kumpa kuni. Hakuna aliyesema neno. Binti akafariki, wanawe wakakua, na siku moja wakaja na mapanga wakisema hapo ni kwa mama yao, mashahidi ni miti. Watu walikatana. Sote tuliijua habari hiyo. Tulikuwa tumekwenda kwenye mazishi.

“Mimi sina shida na wewe,” kaka aliniambia. “Nina shida na miaka ijayo.”

“Miaka ijayo sina mtoto hata mmoja wa kukuletea panga.”

“Bado hujazeeka,” alisema, akatazama moto. “Waje waseme. Wakisema ni mboga, ni mboga. Wakisema ni mti, utang'oa yote na kipande utaniachia nipande chai. Siwezi kuwa na mstari ambao kila mwaka nausimamia kama askari.”

Ndivyo mambo yalivyosimama. Kipande kile hakikuwa kikubwa. Mtu angetema mate kutoka ukingo mmoja hadi mwingine akiwa na afya. Lakini bila hicho ningerudi kwenye mkebe wa chumvi wa wifi yangu. Siku zilizofuata niliamkia matutani. Nilikata kila kamba niliyoiona. Nilijiandaa kama nilivyokuwa nikijiandaa kwa askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, sokoni: jibu la kwanza, jibu la pili, na la tatu la kufungia mfuko. Mama alinitazama nikisogeza midomo peke yangu matutani.

“Unaomba ama unagombana?” aliuliza.

“Nafanya mazoezi.”

“Waache wazee waseme kwanza,” alisema. “Wewe nyamaza tu, mwanangu. Nyamaza.”

Nilichukulia ni ushauri wa kawaida. Wamama wa kwetu hutuambia tunyamaze tangu tukiwa mgongoni.

Walikuja watatu, Jumamosi, umande ulipokauka. Mkubwa wao alikuwa mzee mfupi mwenye fimbo na kofia ya sufu asiyoivua hata kanisani. Wa pili alikuwa mwalimu aliyestaafu. Wa tatu alikuwa jamaa wa baba yetu, mrefu, ndani ya koti la mvua siku isiyo na wingu, na kazi yake kubwa siku ile ilikuwa kukubaliana na aliyesema mwisho. Waliketi kwenye viti nje ya jiko, ukutani penye jua. Wifi alileta chai. Mimi nilileta stroberi kwenye bakuli, nilizozichuma asubuhi, nyekundu zote, hakuna yenye doa. Mahakama ikaanza kwa kula ushahidi.

“Ni tamu,” alisema wa koti. “Mti huu unaitwaje?”

“Si mti, mzee wangu,” nilisema.

“Nimesema mti? Nimeuliza unaitwaje.”

Kaka alisimama akaeleza. Alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi, na kwa sababu hiyo niliogopa zaidi. Alisema sharti lilitolewa, nililisikia, na kitu hiki kimeona masika na vuli na bado kipo, tena kimevuka njia.

Mwalimu alifuta vidole kwa kitambaa. “Kitu kinachozaa tunda ni mti. Hata kwa kitabu.”

“Malenge nayo, mwalimu?” nilimuuliza. “Tuanze kuyapanda kwa ngazi?”

“Malenge hutambaa.”

“Na hii hufanya nini?”

“Twende tuione,” alisema mzee wa kofia.

Tulishuka sote, mama nyuma kabisa. Mzee wa kofia aliinua jani kwa ncha ya fimbo, akatazama chini yake, kama anayechungulia chini ya kitanda cha mtu.

“Inatoa kuni?” aliuliza.

“Hapana, mzee.”

“Kivuli?”

“Labda kwa konokono.”

“Mbuzi akifungwa hapa?”

“Ataondoka nayo, na mimi nitamfuata.”

Wa koti alicheka mpaka akakohoa. Hata mwalimu alitabasamu. Nilijua sauti hiyo. Ndiyo sauti ya mnunuzi aliyeanza kulegea. Kaka naye aliijua.

“Wazee wetu,” alisema, “mimi siulizi urefu wake. Nauliza inakaa miaka mingapi.”

Kicheko kikakatika. Lilikuwa swali zuri. Mimi mwenyewe ningeuliza hilo.

“Aliyeniuzia aliniambia mitatu,” nilisema.

“Na watoto wake?”

Watoto wake walikuwa pale mbele yetu, na watoto wao.

Wazee walitazamana. Mwalimu alitikisa kichwa kidogo, na mzee wa kofia akashika fimbo kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Nikaona kipande kinaondoka. Nikaona chai imepandwa mpaka mlangoni pa jiko, na mkebe wa chumvi unafunikwa polepole. Na mimi, ambaye kwa miaka yote sokoni sikuwahi kuwa wa kwanza kutaja bei, nikataja.

“Wazee wangu, hata mimi mwenyewe sikai,” nilisema. “Mimi ni mgeni hapa. Mgeni hupanda anachoweza kubeba. Nitazing'oa zote kila mwaka kabla ya masika, kaka yangu akiona kwa macho yake, na nikipanda tena nitapanda kama mtu anayeanza. Kama viazi vitamu. Nani amewahi kushtaki viazi vitamu?”

Mzee alifunga mdomo. Alinitazama, kisha akamtazama mama, sikujua kwa nini.

“Umesema?”

“Nimesema.”

“Wewe ni mgeni.”

“Ndiyo, mzee.”

“Tumesikia sote?” aliwauliza wengine. Wakasema wamesikia. Kaka akasema amesikia. Kwetu neno likiulizwa hivyo mbele ya wazee na kuitikiwa, limeshapigwa msumari.

“Basi ni viazi vitamu,” alisema mzee wa kofia. “Atalima.”

Kaka alishusha mabega ambayo sikujua alikuwa ameyapandisha mwaka mzima. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. “Hapo umesema kama mtu mzima, dada yangu,” alisema, na macho yake yalikuwa na maji kabisa. Mama alikuwa amekwishapanda juu jikoni. Tulipofika tulimkuta anakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Mimi nilimwagilia mboga jioni ile nikipiga mluzi.

Haikupita wiki mbili mzee wa kofia akaja peke yake, akiwa na mfuko wa sukari mtupu. Alitaka miche michache.

“Ya kung'oa ama ya kukaa?” nilimtania.

“Mimi niko kwangu,” alisema. “Itakaa.”

Nilimchimbia. Alisimama akiegemea fimbo, akitazama utepe wa kaseti unavyometameta.

“Mama yako hajakwambia kitu?”

“Kitu gani?”

“Mm.” Akazungusha fimbo ardhini mpaka nikasimama wima na udongo mikononi. “Alikuja kwangu kabla ya siku ile. Aliomba tukishamaliza habari ya mboga, tumwombe kaka yako hiki kipande kiwe chako mpaka ufe. Panda unachotaka, kisha kirudi kwa vijana wake. Mwalimu alikuwa amekubali. Yule wa koti, unamjua, hukubali. Nilikuwa nafungua mdomo.”

“Mbona hamkuniambia?”

“Kesi haisemwi nje kabla ya siku yake.”

“Basi semeni sasa, mzee. Rudini.”

“Turudi tuseme nini? Kwamba ulipojiita mgeni tulisikia vibaya? Kaka yako angekataa siku ile, tungemshika shati mpaka akubali. Sasa ana neno lako.” Alipokea mfuko, akaupima kwa mkono. “Ungeniacha nimalize pumzi tu, binti yetu.”

Nilimtazama akipanda njia, akisimama kupumzika. Nilitaka kuamini alikuwa ananiuzia maneno, kwamba mzee akipewa miche ya bure huona lazima alipe kwa hadithi. Nikaenda kwa mama. Alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo.

“Ni kweli?”

Hakuuliza nini. “Amesema nani?”

“Mzee.”

“Ana mdomo mkubwa yule.” Aliokota jiwe dogo, akalitupa mlangoni.

“Kwa nini hukuniambia, mama?”

“Nilikwambia nyamaza.”

“Hukuniambia kwa nini!”

“Ningekwambia, ungeanza kuwaomba na kipande cha pili.” Hakuwa akinichekesha. Alirusha maharagwe juu, upepo ukabeba maganda, akarusha tena, na tangu hapo hakuligusa tena neno hilo.

Kilichonichosha baadaye kilikuwa wema. Wifi aliacha kunipa kikombe cha bati. Akanipa cha udongo, chenye kisahani chake, kilichokaa kabatini kikingoja mchungaji. Nikishika ufagio alinipokonya. “Pumzika wewe, wifi,” aliniambia. Mkebe wa chumvi uliachwa wazi mezani. Kaka alinipasulia kuni bila kuombwa, na mbele ya watu kanisani alisema ana furaha kwamba dada yake amewatembelea. Nilikuwa nimekaa nyumbani zaidi ya mwaka. Nilinenepa kidogo. Bustani haikuwahi kuzaa vile: sukuma pana kama mikeka, vitunguu vya kujaza kiganja, stroberi mpaka wavulana wakaumwa tumbo. Nilizihesabu bakuli, nikahesabu tena, na hesabu ilikuwa sawa, na sikupata pa kuweka furaha yake.

Mawingu ya masika yalipoanza kurundikana upande wa mlima Kirinyaga, kaka alikuja kama nilivyoahidi. Hakuleta jembe, alikuja na macho tu. Nilianza juu nikishuka. Udongo ulikuwa umekauka na mizizi ilinishinda mara kadhaa, ikabidi niilegeze kwa panga. Kaka alisimama njiani, mikono nyuma, akitazama kila mche ukitoka, na kusema kweli alionekana kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Nilipomaliza tuta lilikuwa wazi, na rundo la miche limelala kwenye gunia.

Wifi alishuka akikimbia, amejifunga leso.

“Usitupe zote! Watoto wamezizoea.” Alichagua mizuri, anajua kuchagua, akavuka njia, akaanza kuchimba mashimo kwa mkono kwenye mguu wa chai. “Hapa zitakaa vizuri. Hapa hakuna wa kuzisumbua.”

Nilimgeukia kaka. “Hapo ng'ambo ni mti ama ni mboga?”

Alitazama mbingu kama anayepima mvua.

“Kwake ni kwake,” alisema.

Nilikuwa na ruhusa ya kupanda tena. Neno la wazee lilinipa ruhusa hiyo kila mwaka, maisha yangu yote, mradi kila mwaka nianze kama mtu anayeanza. Matone ya kwanza yalipopiga bati usiku ule nilijaribu kujiona nikifanya hivyo: nikipanda, niking'oa, nikipanda, na upande wa pili wa njia miche ileile ikinenepa miaka na miaka. Niliijua bei nzuri na niliijua bei ya kutupwa. Nilikwenda Embu mjini, nikatafuta chumba, nikapata nafasi ya kuweka meza sokoni. Bustani nilimwachia mama, sukuma ikiwa bado na mwaka mzima ndani yake.

Kwetu mtu wa nyumbani akiondoka husema “naenda,” nao humjibu “haya,” bila kuacha wanachofanya. Nilisema naenda. Kaka alisimama, akavua kofia, akaniombea sala ya safari. Wifi alinifungia ndizi na mayai ya kuchemsha. Mama akajitupia shuka mabegani, akachukua mfuko wangu mzito, akatangulia.

“Mama, kuna matope. Bakia hapa langoni.”

Akapita lango. Tukapita kituo cha kuuzia majani ya chai, ambako wanawake walitusalimu na kuuliza, “Unasindikiza mgeni?” na mama akawajibu, “Ndiyo.” Tulipanda mpaka barabarani, mvua nyembamba ikitushukia, yeye na kifua chake kile. Nilimwambia tena arudi. Nilinyoosha mkono nipokee mfuko. Aliuhamishia bega la pili, akaendelea kutazama upande ambao gari lingetokea, na hakuuachia.